Sarafu za Kale Mkebeni: Namna ya Kujua Kama Zina Thamani

Bibi mzaa mama yangu aliacha mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kipande cha kanga, na siku chache baada ya arobaini yake tulikaa sebuleni, watoto na wajukuu, tukamwaga yaliyomo juu ya mkeka. Zilitoka hela sita za Mjerumani zilizokuwa nyeusi kama gome la mti, pesa mbili za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, rupia tatu za fedha, shilingi kadhaa zenye simba, senti za tundu zilizotungwa kwenye uzi kama ushanga, na sarafu moja ya shaba, pana kuliko zote, iliyoandikwa 5 Heller na mwaka 1909. Mjomba alisema kwa uhakika kwamba rupia peke yake hununuliwa kwa mamilioni. Binamu yangu naye, kwa nia njema kabisa, aliichukua ile sarafu pana akaisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ikang'aa kama sinia jipya. Ilinichukua miezi kadhaa ya kusoma na kuulizia kabla ya kujua kwamba rupia zile zilikuwa za kawaida, na kwamba kitu ambacho wakusanyaji wangekitafuta zaidi ya vyote mkebeni mle ni ile hela tano, kwa kuwa ilikuwa haijachakaa hata kidogo kabla ya kuguswa na ukwaju.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kufanya unapopata sarafu za kale ni kutozifanya lolote. Usizioshe, usizisugue kwa mswaki, usizitie limau, siki, dawa ya meno wala sabuni ya unga. Utando wa kahawia au mweusi unaoifunika sarafu ya shaba, na ule wa kijivu unaoifunika ya fedha, si uchafu. Ni ngozi ya sarafu iliyojengeka kwa miaka mingi, na mkusanyaji huitazama kama ushahidi kwamba sarafu ni ya kweli na haijachezewa. Ukiiondoa, unaacha mikwaruzo midogo mno ambayo jicho la kawaida haliioni lakini lenzi huiona mara moja, na mng'ao wake hautafanana tena na ule wa sarafu iliyotoka kiwandani. Hakuna fundi awezaye kuirudisha ngozi hiyo.

Shika sarafu kwa ukingo wake, juu ya kitambaa au mkeka, ili ikianguka isigonge sakafu. Zihifadhi kila moja katika bahasha yake ndogo ya karatasi kavu, kwa kuwa mifuko laini ya plastiki hutoa kemikali ambayo baada ya miaka huacha ute wa kijani juu ya chuma. Kwa wanaoishi pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, vile vifuko vya chembechembe vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya vinafaa sana kutiwa ndani ya mkebe.

Kuitambua sarafu yenyewe

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei, ilhali swali hilo ni la mwisho. La kwanza ni kujua kwa hakika una nini mkononi: nchi au mamlaka iliyoitoa, kiwango chake, mwaka, na herufi ndogo ya kiwanda ikiwa ipo. Umri peke yake hautoshi. Sarafu ya miaka 130 inaweza kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na nyingine iliyotolewa mwaka 1974 ikawa na thamani ya pikipiki mpya. Tafuta lenzi ya kukuzia, rula yenye milimita au vernia kalipa (kifaa cha kubana kitu na kupima upana wake), na mwanga wa jua wa asubuhi unaoingia kwa upande, kisha andika kwenye daftari kila unachokisoma, hata kama hukielewi.

Kwetu Afrika Mashariki fedha zimepita mikononi mwa watawala wengi kwa muda mfupi, na lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu hiyo: neno "hela" tumelipata kwa Heller ya Wajerumani, "pesa" limetoka kwenye paisa ya Wahindi, na "thumuni", jina tulilolipa nusu shilingi, ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane. Hivyo mkebe mmoja wa bibi unaweza kuwa na sarafu za tawala nne au tano.

Ukiona sarafu ya shaba yenye picha ya mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, huenda ni pesa ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Mwaka wake ni wa Hijria, 1299 au 1304, nao umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu ambazo aliyesoma chuoni atazitambua bila shida. Ili kupata mwaka wa Miladia kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. 1299 inakupa 1882. Pesa hizi ni nyingi na hupatikana Unguja, Mombasa hata Omani, kwa hiyo bei yake ni ndogo isipokuwa iwe safi sana. Riale ya fedha ya Barghash ya mwaka huohuo 1299 ni jambo jingine, kwani ni adimu kwelikweli, na zile za dhahabu za riale mbili na nusu na riale tano ni adimu zaidi. Vivyo hivyo senti za Sultani Ali bin Hamud za mwaka 1908 zenye mti. Lakini usiichanganye pesa ya Barghash na ile iliyotolewa Mombasa mwaka 1888 na kampuni ya Waingereza, kwa maana hiyo nayo ina mizani, ila imeandikwa neno Mombasa kwa Kiingereza.

Pesa ya Mjerumani ina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, na imezungukwa na jina refu la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani kampuni iliyoitawala pwani ya Tanganyika mwanzoni. Ilitolewa mwaka 1890, 1891 na 1892, na pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya kikoloni yenyewe ilitoa fedha mpya, rupia moja ikawa na hela 100, na jina la kampuni likaondolewa. Kwa hiyo ukisoma Deutsch Ostafrika bila neno Gesellschaft, ujue sarafu ni ya 1904 au baadaye. Angalia kwa lenzi herufi A au J: A ni kiwanda cha Berlin na J ni cha Hamburg. Herufi hiyo ndogo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwaka mmoja uliotolewa na viwanda viwili unaweza kuwa na idadi kubwa kwa kimoja na idadi ndogo mno kwa kingine. Kwa kuwa koloni hilo lilikuwa pamoja na Rwanda na Burundi za leo, fedha hizi huko nako huonekana.

Herufi ya tatu ni T, na hiyo inatuleta Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikata njia ya meli za Ujerumani, Wajerumani walianza kupiga sarafu wenyewe mwaka 1916 katika karakana huko Tabora. Walitoa hela 5 na hela 20 za shaba, za njano na nyekundu, zilizopigwa kwa haraka na zenye sura ya kazi ya mkono. Pia walitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.168 na dhahabu ya sehemu 750 kwa 1,000, na wajuzi hutazama pia kama ncha ya pambo la chini inaishia usawa wa herufi A au T ya neno OSTAFRIKA. Ya kweli huuzwa kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana za bandia zimejaa. Hela 20 za Tabora zinazidi sana kwa wingi, lakini zina aina nyingi ndogondogo za umbo la taji na herufi, na baadhi ya aina hizo hutafutwa sana, hivyo usiiuze yoyote kabla ya kuilinganisha na picha.

Rupia za fedha ndizo zinazoleta maneno mengi zaidi mitaani. Kabla ya yote hakikisha ni ya nani. Rupia ya Mjerumani ina kichwa cha Kaiser Wilhelm II aliyevaa helmeti yenye tai, na maandishi Guilelmus II Imperator. Ikiwa kichwa ni cha Malkia Victoria, Edward VII au George V, na nyuma pameandikwa One Rupee India, basi ni rupia ya Bara Hindi, ambayo ilikuwa fedha halali Kenya hadi 1920 na Zanzibar hadi shilingi ilipoingia mwaka 1936. Zote mbili zina uzito wa gramu 11.66 na fedha ya sehemu 917 kwa 1,000, lakini ya Mjerumani hupendwa zaidi na wakusanyaji. Rupia mbili za Mjerumani, kubwa zaidi, za 1893 na 1894, ni adimu. Rupia tatu za bibi yangu zilikuwa mbili za Mfalme George na moja ya Mjerumani yenye alama ya kulehemu nyuma, kwa kuwa iliwahi kuwa kidani cha mkufu. Tundu, kikuku na alama ya kulehemu hupunguza thamani kwa sehemu kubwa, hata kama sisi tunaiona ni urembo na kumbukumbu.

Sarafu kubwa yenye picha ya mama mnene na mwaka 1780 ni ya Maria Theresa, ile ambayo wazee waliiita riale. Mwaka huo usikudanganye. Baada ya kifo chake mwaka huohuo wa 1780, wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikataa kupokea nyingine, kwa hiyo ikaendelea kupigwa ikiwa na tarehe ileile kwa zaidi ya miaka mia mbili. Karibu zote utakazoziona ni za karne ya 19 na ya 20, na bei yake hufuata bei ya fedha iliyomo.

Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba mbele ya milima zilianza mwaka 1921. Mwaka mmoja kabla yake, bodi ya sarafu ilijaribu kutumia florini iliyolingana na shilingi mbili, ikaachwa upesi. Florini ya 1920 na sarafu nyingine za mwaka huo ni miongoni mwa chache za enzi ya Waingereza zinazostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa nyingi ziliyeyushwa. Shilingi hadi mwaka 1946 zina robo moja ya fedha, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Senti za tundu zenye pembe za ndovu ni nyingi mno. Kati yake mna senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla ya kuvikwa taji. Ni vitu vyenye historia tamu, kwa kuwa katika nchi nyingi jina lake halikuwahi kufika kwenye sarafu, lakini zilipigwa kwa mamilioni na bei yake ni ya chini. Mtu akikuambia kwamba hiyo ni hazina kwa sababu mfalme alikaa miezi michache tu, anachanganya hadithi na uadimu.

Kwa sarafu za baada ya uhuru, jibu la kweli ni kwamba nyingi hazina thamani zaidi ya kumbukumbu. Senti 5 za Tanzania zenye samaki, senti 20 zenye mbuni, thumuni ya sungura na shilingi ya mwenge zilizoanza mwaka 1966 zimo katika kila nyumba, sawa na senti za Kenyatta upande wa Kenya. Zinazofaa kutafutwa ni sarafu maalumu ambazo hazikutolewa kwa matumizi ya sokoni, kama zile za Tanzania za 1974 za kuhifadhi wanyamapori: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, pamoja na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Kenya ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Kenyatta.

Uzito, sumaku na maji

Baada ya kuitambua, ipime. Sonara yeyote ana mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na akiwa mtu mwema atakupimia bila malipo. Lakini simama naye wakati anapopima, wala usiiache sarafu kwake. Linganisha uzito na kipenyo na vile vilivyoandikwa kwenye orodha za wakusanyaji. Sarafu iliyochakaa inaweza kupungua kidogo, ila rupia yenye gramu 9.8 au 12.5 ina walakini. Sumaku nayo husaidia kwa upande mmoja tu: fedha, dhahabu na shaba hazivutwi, kwa hiyo rupia inayovutwa ni ya bandia, lakini isiyovutwa haijathibitishwa kuwa ya kweli.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji, nacho hakiharibu kitu. Weka kikombe chepesi chenye maji kwenye mizani kisha uirudishe isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, na usome namba inayotokea. Namba hiyo ni ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia ya kweli yenye gramu 11.66 itaonyesha kama 1.13, na jibu la kugawanya litakuwa karibu na 10.3, ambao ndio msongamano wa fedha ya kiwango hicho. Ya shaba ya njano iliyopakwa fedha juu itaonyesha kama 1.37, na jibu litakuwa 8.5. Nilipoifanya kazi hii kwa rupia ya Mjerumani ya bibi, mkono ulinitetemeka mara mbili na namba zikaruka, mara ya tatu ikasimama kwenye 1.14. Nikapumua. Kausha kwa kitambaa laini kwa kugandamiza tu bila kusugua, na usikifanye kipimo hiki kwa sarafu iliyo safi kabisa, kwa maana maji pia huweza kuacha alama.

Uzito utakupa pia bei ya chini ya sarafu ya fedha, yaani ile ambayo hata asiyejua historia atailipa. Wakia ya sonara ni gramu 31.1. Shilingi ya simba ya kabla ya 1948 ina gramu 1.94 za fedha halisi, kwa hiyo shilingi 16 ndizo wakia moja. Riale ya Maria Theresa ina gramu 23.4, yaani robo tatu ya wakia, na rupia ina gramu 10.7. Tazama bei ya fedha ya siku hiyo kwenye intaneti, zidisha, na hiyo ndiyo sakafu ambayo usikubali kushuka chini yake kwa umbali mkubwa.

Hali ya sarafu

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea makadirio. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana bei mara ishirini kwa sababu ya hali. Wakusanyaji duniani hutumia ngazi ya alama 1 hadi 70, ambapo 60 na kuendelea ni sarafu ambazo hazikuwahi kutumika sokoni. Huna haja ya kujua alama kamili. Tazama sehemu zilizoinuka zaidi, kwa sababu ndizo zinazolika kwanza: kwenye rupia ya Kaiser ni manyoya ya tai juu ya helmeti na masharubu, kwenye shilingi ya simba ni manyoya ya shingoni. Ikiwa manyoya yanahesabika moja moja na uwanja wa sarafu bado una mng'ao unaozunguka kama miali unapoigeuza kwenye mwanga, una kitu kizuri. Ikiwa sura imebaki kivuli, hesabu kuwa ni ya kawaida hata kama ni ya zamani sana.

Kwa noti kanuni ni ileile, tena kali zaidi: mkunjo mmoja wa katikati hupunguza bei. Noti zenye thamani kubwa kwetu ni zile za serikali ya Zanzibar zilizoanza 1908, za benki ya Wajerumani za kabla ya vita, na za bodi ya sarafu za mwanzoni mwa miaka ya 1920. Zile za dharura zilizochapwa humu nchini wakati wa vita, 1915 hadi 1917, nyingine kwenye karatasi duni, ni nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, ila tarehe na herufi zake huzitofautisha. Usiipeleke noti ya kale kufanyiwa lamineshen. Nimeona noti za Kijerumani zilizolaminishwa kama vyeti vya shule, na kwa mkusanyaji zilikuwa zimekwisha. Noti za Tanzania za 1985 hadi 2003 ziliondolewa kwenye mzunguko, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Aliyebaki na bunda lake sasa ana karatasi za wakusanyaji tu, na nyingi kati yake ni za kawaida.

Kutafuta bei ya kweli

Ukishajua aina, mwaka, herufi na hali, tafuta sarafu yako kwenye Numista, ambayo ni orodha ya bure kwenye intaneti yenye picha za karibu kila sarafu duniani. Kisha tafuta bei zilizolipwa. Hapa nasisitiza sana: bei inayoombwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili. Mtu yeyote anaweza kuweka hela moja ya 1912 kwenye mtandao kwa dola 5,000, ikakaa hapo miaka bila mnunuzi, na picha yake ikazunguka kwenye simu zetu kama ushahidi. Kwenye soko la mtandaoni la eBay chagua kuona vilivyouzwa peke yake, na kwenye tovuti za nyumba za minada fungua kumbukumbu za mauzo yaliyopita. Kwa kadiri nilivyofuatilia, hela moja iliyochakaa hupata dola chache tu, pesa ya kampuni hupata kidogo zaidi, na rupia ya Mjerumani ya hali ya kawaida hufika makumi ya dola.

Ukiona kwamba sarafu yako inaweza kuwa ya mamia au maelfu, ndipo ufikirie kuipeleka kwa kampuni za kuthibitisha kama NGC au PCGS, zinazoipima, kuipa alama na kuifunga katika kasha. Kwa sarafu ya dola 30 gharama za kutuma na kurudisha zitaimeza thamani yote.

Matapeli na sheria

Kila mwaka hupita mtu vijijini akisema kuna tajiri anayenunua rupia za Mjerumani kwa sababu ndani yake mna zebaki, au kwa sababu zinavuta mchele, au zina nguvu fulani ya siri. Rupia ni fedha na shaba kidogo. Hamna zebaki, na haivuti chochote. Utaratibu wa utapeli huu ni mmoja: anakuja wa kwanza kuulizia rupia kwa bei ya ajabu, halafu anajitokeza wa pili mwenye rupia ya kukuuzia, au wa tatu anayetaka ada ya kipimo kabla ya malipo. Anayenunua kwa kweli haombi ada kwako. Vivyo hivyo hadithi za hazina zilizofukiwa na Wajerumani kwenye maboma zimewafanya watu wachimbe misingi ya majengo ya kale na hata makaburi, nami naumia kila ninaposikia habari hizo.

Kuna sarafu ambazo si za kuuza. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zisizo na mwaka, zenye jina la mfalme kama Ali bin al-Hasan na sifa za Mwenyezi Mungu, ni za karne nyingi kabla ya Wareno. Maneno ya upande mmoja na wa pili yana kina kimoja, kama mishororo miwili ya shairi, jambo ambalo kila mpenda utenzi wa Kiswahili angepaswa kuliona kwa macho yake. Kwa sheria ya mambo ya kale ya Tanzania, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa, na Kenya mpaka huo ni 1895. Ukiokota kitu cha namna hiyo shambani au ufukweni, kiache palepale ikiwezekana, piga picha, na utoe taarifa kwa makumbusho au idara ya mambo ya kale. Mahali kilipolala ndipo penye habari. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilifukuliwa na wataalamu zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, tukajua kwamba waungwana wa pwani walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe karibu miaka elfu iliyopita. Zingeuzwa moja moja, tusingejua. Na ikiwa kwenye mkebe mna bangili au sanamu ya pembe ya ndovu, usijaribu kuiuza, kwa kuwa kuifanyia biashara bila kibali ni kosa zito.

Medali za babu aliyekuwa askari wa King's African Rifles zitazamwe ukingoni kwa lenzi. Za Vita vya Kwanza huwa zimechorwa namba, jina na kikosi cha askari, na hayo ndiyo yanayoipa medali thamani. Nyingi za Vita vya Pili hazina jina, hivyo karatasi za kuachishwa jeshi ziwekwe pamoja nazo.

Kuuza, na kugawana

Ukiamua kuuza, piga picha za pande zote mbili kwenye mwanga wa kivulini, juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa kando. Wauzaji wa vitu vya kale Mji Mkongwe wa Zanzibar na mitaa ya Mji wa Kale Mombasa watakupa bei ya chini, pengine nusu au theluthi, kwa kuwa nao watauza kwa watalii na wana kodi ya duka. Hilo si dhuluma mradi umejua mapema sarafu yako ni ya bei gani. Waulize wawili au watatu kabla ya kukubali, na sarafu isitoke mbele ya macho yako. Kwa kitu cha maelfu ya dola, nyumba ya mnada ya Ulaya yenye kawaida ya kuuza fedha za makoloni ya Kijerumani ndiyo njia bora: waandikie barua pepe yenye picha na uzito, na uulize kamisheni yao kabla ya kutuma chochote.

Na ikiwa mkebe ni wa marehemu, andikeni orodha yake yote mbele ya warithi kabla ya mtu yeyote kuchukua kipande, kila sarafu na picha yake, uzito wake na makadirio ya bei, kwa sababu hii ni mali ya mirathi kama shamba na nyumba. Sisi tulichelewa kufanya hivyo, na rupia moja ya Mfalme George mpaka leo haijulikani iko kwa nani. Zilizobaki ziko kwenye bahasha, na juu ya kila bahasha mama ameandika kwa kalamu ya risasi jina la bibi.